Maziwa yamwagwa, rafu ziko tupu: kilichowakuta wakulima wadogo na migahawa ya Marekani mwaka 2020

Picha mbili zilirudiwa sana katika filamu na taarifa za habari kutoka Marekani mwezi Aprili 2020. Ya kwanza ni ya mfugaji anayefungua koki ya tangi, na maziwa ya asubuhi ile yanateremkia kwenye shimo la samadi. Ya pili ni ya magari yaliyopanga foleni hadi macho yanapoishia, yakisubiri msaada wa chakula. Mjini San Antonio, Texas, tarehe 9 Aprili, benki ya chakula ilihudumia familia zipatazo 10,000 kwa siku moja. Anayetazama hujiuliza swali la haki kabisa: si wangewapa tu hao watu hayo maziwa?

Jibu ni refu, na kamera haiwezi kulionyesha, kwa sababu limejificha ndani ya mashine za kufungashia, kwenye lebo, kwenye ankara za siku 30 na kwenye kanuni za mikopo ya serikali. Walaji hawakupungua hata mmoja kwa sababu ya amri za kufunga. Aliyetoweka ni mnunuzi ambaye chakula kile kilikuwa kimeandaliwa kwa kipimo chake. Na fedha za kuwaokoa wakulima na wenye migahawa zilipokuja, nazo zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Mito miwili isiyokutana

Kabla ya korona, zaidi ya nusu ya pesa ambazo Wamarekani walitumia kwa chakula zilikwenda kwenye chakula cha nje ya nyumba: migahawani, kwenye kantini za ofisi, shuleni, hotelini na kwenye viwanja vya michezo. Chakula hicho hakipiti supamaketi. Kina wasambazaji wake, malori yake, viwanda vyake na vifungashio vyake. Chemchemi ni moja, shamba, lakini mito ikishaachana haikutani tena.

Mto mmoja ulizibwa ndani ya siku chache. Ohio ilifunga kumbi za migahawa usiku wa 15 Machi 2020. Kesho yake saa 2 usiku zikafuata New York, New Jersey na Connecticut. Tarehe 19 California ikawaamuru watu wabaki nyumbani. Kununua chakula cha kubeba kuliruhusiwa, lakini kwa mgahawa uliozoea kujaza meza, mauzo hayo yalikuwa makombo.

Mayai ni mfano rahisi kwetu. Afrika Mashariki trei ya mayai 30 ipo kila duka la mtaani. Unanunua nzima, au unahesabiwa mawili ukaondoka nayo kwenye mfuko. Marekani trei ni kifungashio cha migahawa. Supamaketi huuza mayai kwa kasha la 12 lenye lebo. Machi 2020 mayai yalikuwepo. Kilichoadimika ni makasha. Mwanzoni mwa Aprili mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ililegeza kanuni ya lebo ili trei ziweze kuuzwa kwa walaji. Hilo lilisaidia mayai yenye ganda tu. Karibu theluthi ya mayai ya nchi ile hupasuliwa kiwandani yakauzwa kama uji wa mayai kwa ndoo, kwa ajili ya viwanda vya mikate na vifungua kinywa vya hotelini. Shamba lililojengwa kuhudumia kiwanda cha kupasua mara nyingi halina mashine ya kupanga mayai kwa ukubwa na kuyatia kwenye makasha. Kuku wake wanataga, mtu wa kilomita 20 hajapata mayai, na katikati inakosekana mashine ya bei ya nyumba.

Unga ulifuata njia hiyo hiyo. Mgahawa na kiwanda cha mikate hununua magunia ya kilo 23 au tangi zima la lori. Nyumbani hununuliwa pakiti za kilo 2 na kitu. Ngano haikupungua. Mashine za kujaza pakiti ndogo ndizo zilizozidiwa, maana zilijengwa chache tangu mwanzo. Vitunguu pia: mpishi wa mgahawa hutaka kitunguu kikubwa kama ngumi mbili, kwa sababu kumenya kimoja ni kazi ndogo kuliko kumenya vitatu. Familia hutaka vya wastani, ndani ya kimfuko cha wavu cha kilo moja na nusu. Mkulima mmoja wa Idaho alichimba mitaro akazika tani zipatazo 450 za vitunguu. Havikuwa vimeoza.

Maziwa yana tatizo la ziada: ng'ombe hana swichi. Hukamuliwa mara mbili au tatu kwa siku, na tangi la shambani hubeba maziwa ya siku moja au mbili. Lori lisipokuja, tangi ni lazima limwagwe ili ukamuaji unaofuata upate pa kuingia. Kumkausha ng'ombe kabla ya wakati kunawezekana, lakini hatoi tena maziwa hadi azae. Juu ya hayo, Aprili na Mei ndiyo miezi ya maziwa mengi Marekani, hivyo mashine za kukausha maziwa kuwa unga zilikuwa karibu na kikomo hata bila janga. Viwanda vya jibini vilikuwa vimepoteza wateja wao wenyewe, yaani migahawa. Shule zilifungwa, na maziwa ya shule hutiwa kwenye vikasha vya mililita 236. Mashine ya vikasha hivyo haiwezi kujaza chupa ya lita 3.8 inayotakiwa na familia. Mashine za chupa kubwa zilikuwa zinafanya kazi usiku na mchana, na bado baadhi ya maduka yaliweka kikomo cha chupa moja au mbili kwa mteja.

Chama kikubwa cha ushirika wa maziwa nchini humo, Dairy Farmers of America, kilikadiria mwanzoni mwa Aprili kwamba hadi lita milioni 14 zilikuwa zikimwagwa kwa siku. Hata kumwaga kuna utaratibu. Maziwa yakiingia mtoni, bakteria wanaoyala humaliza hewa ya oksijeni majini na samaki hufa, kwa hiyo huchanganywa na samadi kwenye shimo, kisha husambazwa shambani kidogo kidogo kama mbolea. Na kuyagawa? Maziwa mabichi hayaruhusiwi kupelekwa benki ya chakula. Lazima mtu alipie lori, kiwanda cha kuyachemsha, chupa, na friji mahali pa kupokelea. Mwezi ule kila kimojawapo kati ya vitu hivyo vinne kilikuwa kimejaa au hakina wa kukilipia.

Hasara ya maziwa yaliyomwagwa haikumwangukia aliyefungua koki peke yake. Ndani ya ushirika, mapato huchanganywa na kugawanywa, hivyo kila mwanachama alikatwa kwenye hundi yake ya mwezi. Mwenye ng'ombe 60 hakupewa nafuu kwa kuwa mdogo.

Barabara ya wadogo

Hapa ndipo watu wengi wanaposimulia habari hii kimakosa. Husema mfumo mkubwa ulivunjika, kwa hiyo wakulima wadogo wanaouza moja kwa moja walinusurika. Ukweli una sura mbili. Wadogo wengi walikuwa wamekimbia bei duni za viwanda wakajijengea soko la wapishi: mboga changa, maua ya kuliwa, jibini ya mbuzi, bata, uyoga, chaza. Mpishi hulipa bei nzuri, hataki lebo, na huchukua hata karoti zenye umbo la ajabu akizipenda ladha. Soko hilo ndilo lililofungwa la kwanza, tena lote kwa usiku mmoja.

Kuhamia kwa mteja wa nyumbani kulionekana rahisi kwenye karatasi. Njia iliyokuwepo ni ile ya kapu la msimu: familia hulipa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kisha hupokea kapu la mboga kila wiki kwa miezi mitano au sita. Utaratibu huo ulianza katika mashamba ya Massachusetts na New Hampshire mwaka 1986, ingawa Booker T. Whatley, profesa wa kilimo wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, alikuwa tayari akiwahimiza wakulima weusi waanzishe vilabu vya wateja wanaolipa kabla ya kuvuna. Masika ya 2020 mashamba mengi yalipata waombaji kuliko makapu.

Lakini kapu la familia linahitaji aina saba hadi kumi za mboga kila wiki, na zisiwe zile zile. Shamba lililopanda majani machanga ya saladi na tanipu ndogo kwa ajili ya wapishi wanane haliwezi kujaza kapu hilo mwezi Mei. Mpango wa kupanda hufanywa Januari, na mbegu huagizwa wakati huo. Figili hukomaa kwa siku 25 hadi 30, kwa hiyo aliyebadilisha mpango mwishoni mwa Machi alikuwa na figili za kutosha mwishoni mwa Aprili. Karoti ni siku 70, kabichi 70 hadi 90, vitunguu zaidi ya 100. Walioweza kuhama haraka ni wale waliokuwa tayari wanauza kwa njia mbili au tatu. Aliyekuwa na wapishi peke yao alingoja hadi Julai ili awe na kitu cha kuuza, na bili za Aprili hazikumngoja.

Chaza walikuwa na shida ambayo wasiokaa pwani hawaifikirii. Sehemu kubwa ya chaza wa Marekani huliwa migahawani, wabichi, kwenye nusu ya gamba. Ukubwa unaopendwa ni kama sentimita 7 na nusu. Mfugaji asipouza, chaza wanaendelea kukua humo humo kwenye vizimba: wanakuwa wakubwa mno kwa sahani, na wanabana nafasi ya wadogo wanaofuata. Oktoba 2020 shirika la Nature Conservancy na Pew Charitable Trusts walianza kununua chaza waliopita ukubwa, wakilenga zaidi ya milioni 5, wakawarudisha baharini kujenga miamba iliyoharibika. Ni mmoja wa misaada michache ya wakati ule iliyobuniwa kwa kuanza na umbo la tatizo lenyewe, na naona inastahili kusemwa zaidi ya inavyosemwa.

Kwetu mambo yalikwama kwa namna nyingine. Nyanya za Kariakoo au Wakulima jijini Nairobi ni zile zile, ziende kwa mama wa nyumbani kwa fungu au kwa mgahawa kwa kreti; hakuna mashine ya kifungashio katikati. Kilichobana Kenya ni saa na barabara: amri ya kutotoka nje kuanzia 27 Machi 2020, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, katika biashara ambayo malori yake husafiri usiku. Aliyepata pigo linalofanana na la mfugaji wa Marekani ni mkulima wa maua wa Naivasha, ambaye mnunuzi wake alikuwa mnada wa Uholanzi na ndege za abiria zinazobeba mizigo tumboni. Waridi nazo zilitupwa.

Nguruwe wa miezi kumi iliyopita

Nyama inahitaji kuelezwa peke yake, kwa sababu hapo tatizo halikuwa mnunuzi. Lilikuwa machinjioni. Nguruwe jike hubeba mimba siku 114, na mtoto huchukua takriban miezi sita kufikia kilo 127 za kuchinjwa. Kwa hiyo nguruwe aliyepaswa kuchinjwa Aprili 2020 alitungwa majira ya kiangazi ya 2019, na nyuma yake kuna foleni ya wengine wanaokua kila siku. Akipita uzito, mitambo ya machinjio, iliyopimwa kwa mnyama wa ukubwa fulani, inashindwa kumpokea.

Tarehe 12 Aprili kampuni ya Smithfield ilitangaza kufunga machinjio yake ya Sioux Falls, South Dakota, iliyokuwa ikitoa asilimia 4 hadi 5 ya nyama ya nguruwe ya nchi nzima, baada ya korona kuenea miongoni mwa wafanyakazi wake wapatao 3,700. Wataalamu wa afya waliotumwa pale waliandika kwamba zilizungumzwa lugha zipatazo 40, na Kiswahili kilikuwa katika kumi kubwa, pamoja na Kikunama, Kitigrinya na Kiamhari. Kwenye mstari wa kukata nyama watu husimama bega kwa bega, na tangazo la afya kwa lugha usiyoisoma halikulindi. Mwanzoni mwa Mei uwezo wa kuchinja nguruwe ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 40. Nguruwe wakauawa na kuzikwa mashambani, ilhali maduka yakiwawekea wateja kikomo cha pakiti za nyama.

Mfugaji mdogo mwenye nguruwe 30 hakuwa mteja wa machinjio hizo. Alipata wateja wengi ghafla, kisha akagonga ukuta mwingine. Sheria ya mwaka 1967 inataka nyama inayouzwa kwa vipande itoke kwenye machinjio yenye mkaguzi wa serikali kuu, au ya jimbo ikiwa haitavuka mpaka. Machinjio ndogo za namna hiyo ni chache, na kufikia kiangazi nyingi zilikuwa zimejaa oda hadi 2021. Mwanya uliotumika ni wa mnyama wa mwenyewe: mteja ananunua robo au nusu ya mnyama akiwa bado hai, kisha machinjio isiyo na mkaguzi inamchinjia kwa matumizi ya nyumbani kwake. Nyama hiyo haiuzwi tena, na mteja anahitaji friji ya kugandisha. Nusu ya nguruwe ni kama kilo 35 za nyama iliyokatwa. Wakati huo friji za kugandisha nazo zilikuwa zimeisha madukani.

Hesabu za mgahawa

Mgahawa wa mtu binafsi, usio tawi la kampuni, huishi kwa hesabu nyembamba. Katika kila dola 100 za mauzo, takriban 30 ni chakula, 33 ni mishahara, 8 ni pango, na zaidi ya 20 ni gesi, umeme, bima, vyombo, kodi na ukarabati. Zinazobaki ni 3 hadi 5, mwaka ukiwa mzuri.

Kinachouwezesha kuishi hivyo ni muda. Wateja hulipa leo. Wasambazaji hulipwa baada ya siku 15 au 30. Nyama ya wiki iliyopita inalipwa kwa mauzo ya wiki ijayo. Milango ikifungwa ghafla, mauzo ni sifuri, lakini ankara za mwezi mzima uliopita zinaendelea kufika. Katikati ya Machi 2020 migahawa mingi ilikuwa na deni la chakula kilicholiwa Februari, na pesa ya kukilipia ilitarajiwa kutoka kwa wateja wa Aprili. Deni hilo lilikuwa la nani? Mara nyingi la mkulima wa jirani, aliyeleta mboga kwa uaminifu.

Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1930, PACA, inayomlinda muuza matunda na mboga. Mnunuzi anayezipokea huhesabiwa kuwa amezishika kwa amana, na muuzaji hulipwa kabla ya benki mnunuzi akifilisika. Masharti yake yanataka umakini: muda wa kawaida wa malipo ni siku 10, mkitaka mrefu zaidi, muandikiane kabla ya mauzo, na usizidi siku 30, muuzaji aandike maneno maalumu kwenye ankara kama ana leseni, au apeleke notisi ndani ya siku 30 baada ya deni kuiva. Ukiandikiana na mpishi kabla ya mauzo muda wa siku 45 kwa wema, umepoteza ulinzi. Jibini na mayai havimo. Na anayeuza rejareja huingia kwenye sheria hiyo pale tu manunuzi yake ya mboga na matunda yanapozidi dola 230,000 kwa mwaka. Mgahawa wa meza 12 haufiki. Kwa hiyo mkulima mdogo aliyemkopesha mgahawa mdogo alikuwa nje ya uzio, wakati msambazaji mkubwa aliyekopesha kampuni kubwa alikuwa ndani.

Kupeleka chakula majumbani kupitia programu za simu hakukuokoa hesabu. Kamisheni zilifika asilimia 30. Oda ya dola 40 ikikatwa 12, mgahawa unabaki na 28. Toa chakula 12, toa mpishi, toa vifungashio ambavyo zamani ilikuwa sahani ya kuoshwa. San Francisco iliweka kikomo cha asilimia 15 mwezi Aprili 2020, Seattle ikafuata mwezi huo huo, New York Mei. Mtazamo wangu ni kwamba kikomo hicho kiliokoa migahawa mingi kuliko inavyotajwa, kwa sababu kilianza kazi haraka na hakuna aliyejaza fomu.

Mkopo wa kipimo cha mwingine

Tarehe 27 Machi 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya CARES, na ndani yake mpango wa kulinda mishahara, PPP, wenye dola bilioni 349. Maombi yalifunguliwa 3 Aprili. Fedha zikaisha tarehe 16. Mabenki yalianza na wateja wao wa mikopo. Mwenye mgahawa mwenye akaunti ya kawaida tu alisubiri. Kanuni iliruhusu kampuni yenye migahawa mingi kuomba iwapo kila tawi lilikuwa na wafanyakazi wasiozidi 500. Shake Shack ilipata dola milioni 10, Ruth's Chris milioni 20. Zote mbili zilirudisha baada ya watu kulalamika.

Tatizo la ndani zaidi lilikuwa kanuni ya matumizi. Mkopo ulikuwa mara mbili na nusu ya mishahara ya mwezi. Mgahawa wenye mishahara ya dola 40,000 ulipata 100,000. Ili mkopo usamehewe, asilimia 75 ilipaswa kwenda kwenye mishahara ndani ya wiki 8, na wafanyakazi warudishwe. Wafanye nini? Kumbi zimefungwa kwa amri. Aliyepokea fedha katikati ya Aprili alizimaliza katikati ya Juni, wakati jimbo lake linafungua nusu ya meza au halijafungua kabisa. Alihitaji fedha za pango na za kulipa wakulima. Alipewa fedha za kuwalipa wahudumu wasio na meza ya kuhudumia, wakati wahudumu hao wangeweza kupata ruzuku ya ukosefu wa kazi pamoja na nyongeza ya dola 600 kwa wiki. Tarehe 5 Juni sheria ilirekebishwa: wiki 24 badala ya 8, asilimia 60 badala ya 75. Waliokwisha kukata tamaa na kurudisha funguo za jengo hawakurudi.

Mkulima anayelima na mkewe bila kuajiri mtu alikuta ukuta wake. Mkopo ulipimwa kwa faida halisi iliyoandikwa kwenye fomu yake ya kodi, na fomu ya kilimo mara nyingi huonyesha faida ndogo au hasara, kwa sababu trekta na uzio hukatwa humo. Faida sifuri, mkopo sifuri. Kipimo hicho kilibadilishwa kuwa mapato ghafi mwishoni mwa Desemba 2020, msimu mzima ukiwa umepita.

Ruzuku ya kilimo yenyewe, CFAP, ilitangazwa 17 Aprili: dola bilioni 16 za kulipa wakulima na bilioni 3 za kununua chakula. Awamu ya kwanza ililipa zao ambalo bei yake ya kitaifa ilishuka asilimia 5 au zaidi kati ya Januari na Aprili. Bei hizo hupimwa kwenye masoko ya jumla. Saladi iliyouzwa kwa mpishi wa Portland haimo kwenye takwimu hizo, na mkulima mwenye mazao 40 kwenye ekari 3 alitakiwa kuyaeleza moja moja. Septemba ikaja awamu ya pili, na hapo serikali ikaelewa: kwa mboga na matunda, chukua mauzo ya 2019, lipa asilimia 10.6 ya mauzo yaliyo chini ya dola 50,000, na asilimia ndogo kidogo kwa kinachozidi. Aliyeuza kwa 40,000 akapata 4,240. Fomu ikawa fupi.

Zile bilioni 3, pamoja na nyingine zilizoongezwa baadaye, ziliingia kwenye makapu ya msaada yaliyogawiwa kuanzia 15 Mei 2020 hadi 31 Mei 2021, zaidi ya milioni 170. Yaliwafaa wasambazaji wa migahawa waliokuwa na malori na maghala bila kazi. Pia yalibadilisha bei kwa namna ambayo wafugaji wanaikumbuka: jibini, iliyoshuka hadi kama dola 2.20 kwa kilo katikati ya Aprili kwenye soko la Chicago, ilipanda hadi 6.60 Julai, baada ya serikali kuanza kununua na migahawa kujaza maghala upya.

Mpango mmoja uliunganisha pande zote. California ilianza Aprili 2020 kulipa migahawa kuwapikia wazee waliofungiwa nyumbani milo mitatu kwa siku: dola 16 kifungua kinywa, 17 chakula cha mchana, 28 cha jioni. Jiko linawaka, mpishi ana kazi, mkulima ana oda, mzee anakula. Hapakuhitajika mashine mpya ya kifungashio.

Mfuko uliokauka na bima isiyolipa

Mfuko maalumu wa migahawa ulikuja mwaka mmoja baadaye, katika sheria ya 11 Machi 2021: dola bilioni 28.6. Safari hii hesabu ilikuwa ya haki. Mauzo ya 2019, toa ya 2020, toa mikopo ya PPP. Tofauti ndiyo ruzuku, hadi dola milioni 5 kwa kila mahali, na wenye zaidi ya migahawa 20 hawaruhusiwi. Maombi yalifunguliwa 3 Mei. Waliomba zaidi ya 278,000, jumla dola bilioni 72.2. Waliopata ni wapatao 101,000. Jaribio la kujaza mfuko upya lilishindwa kwenye Seneti tarehe 19 Mei 2022, kura 52 kwa 43, kwa sababu zilihitajika 60.

Migahawa mingi ilikuwa pia na bima ya kukatizwa biashara, imelipia miaka. Makampuni ya bima yalikataa kwa hoja mbili: kwamba bima inalipa pale tu palipo na hasara ya moja kwa moja ya kimwili kwa jengo, na kwamba mikataba mingi tangu 2006, baada ya ugonjwa wa SARS, ilikuwa na kifungu kinachotoa virusi nje. Mgahawa mmoja wa New Orleans ulishtaki mapema kabisa, 16 Machi 2020; Mahakama ya Juu ya Louisiana ikaukatalia miaka mitatu baadaye. Kesi nyingi nchini ziliishia hivyo.

Tarehe 13 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya North Carolina ilitoa hukumu mbili. Katika ya kwanza, migahawa 16 ilishinda: amri ya serikali iliyowanyima matumizi ya kumbi zao ni hasara ya moja kwa moja, na mkataba wao haukuwa na kifungu cha virusi. Katika ya pili, kampuni ya maduka ya nguo ilidai jambo hilo hilo mbele ya majaji wale wale, ikashindwa. Mkataba wake ulikuwa na kifungu hicho.